Je, wajua kwa nini mtetemo huweza kusaidia miguu iliyokufa ganzi kwa kemotherapia?

Dawa za kemotherapia kama vinkristini, paklitakseli na oksaliplatini hupambana na saratani, lakini mishipa ya fahamu, yaani neva, nayo huambulia kipigo. Mgonjwa huanza kusikia ganzi na kuchomwachomwa vidoleni. Vifungo vya shati humshinda, na kandambili humtoka mguuni asijue.

Kwa nini vidole? Kwa sababu neva zinazofika huko ndizo ndefu kuliko zote, zile za miguuni karibu mita nzima toka kiunoni. Ndani yake mna vijimirija vya kusafirishia mahitaji kutoka kwenye seli zilizo kando ya uti wa mgongo. Vinkristini na paklitakseli huvivuruga, na ncha ya mbali ndiyo inayokosa chakula kwanza. Oksaliplatini yenyewe huzidhuru seli hizo kwenye chimbuko.

Sasa mtetemo. Mgonjwa husimama juu ya jukwaa linalotikisika mara nyingi kwa sekunde, magoti kayakunja kidogo. Kila mtikiso huvuta misuli, vihisi vilivyomo ndani yake hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na jibu hurudi papo hapo: kaza! Mgonjwa haamui lolote, ila mfumo unaomzuia asianguke unafanyishwa kazi. Kwa wenye maumivu ipo sababu nyingine, ileile inayotufanya tujisugue tukijigonga. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba habari za mguso, zinazopita kwenye nyuzi nene, huzibana za maumivu zisipenye zote hadi ubongoni.

Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2024 katika jarida la JAMA Internal Medicine uliwagawa wagonjwa 158, waliokuwa wakipewa oksaliplatini au dawa za jamii ya vinkristini, katika makundi matatu. Mazoezi yalifanywa mara mbili kwa wiki, dakika 15 hadi 30, matibabu yakiendelea. Wasiopewa mazoezi, takriban asilimia 71 waliumia neva. Wa mtetemo, 41. Wa mazoezi ya kusawazisha mwili, 30. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonivutia zaidi, maana kusimama kwa mguu mmoja hakuhitaji mashine.

Ila hao walianza mapema, kabla ganzi haijakita. Kwa aliyekwisha umia ushahidi ni hafifu zaidi. Na mwenye damu iliyoganda mguuni, au saratani iliyofika kwenye mifupa, asipande jukwaa hilo kabla ya kuongea na daktari wake.