Dodoso baada ya kukoma hedhi: alama zako zinasema nini?

Nimekwenda kliniki kwa ajili ya joto la ghafla, nikapewa karatasi ya maswali nijaze. Kwa nini wasinipime damu tu?

Kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha unasumbuka kiasi gani. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45, kukoma hedhi kwa kawaida hutambuliwa kwa kalenda: miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine kama dawa au ujauzito. Homoni inaweza kuwa imeshuka sawasawa kwa wanawake wawili, mmoja akawa hana habari, mwingine anaamka usiku kucha shuka zimelowa jasho. Hayo hujulikana kwa kuuliza. Dodoso humuuliza kila mmoja maswali yale yale, ili majibu ya leo yaweze kulinganishwa na ya miezi mitatu ijayo.

Linauliza nini hasa?

Yako mengi. Linalotumika sana ni Menopause Rating Scale, kwa kifupi MRS, lililotungwa Ujerumani miaka ya 1990. Lina dalili 11, na kila moja unaipa alama kuanzia 0, yaani haipo, hadi 4, yaani imezidi. Jumla kubwa kabisa ni 44. Nne ni za mwili: joto na jasho, moyo kwenda mbio, usingizi mbaya, maumivu ya viungo na misuli. Nne ni za hisia: huzuni, hasira za haraka, wasiwasi, uchovu wa mwili na akili. Tatu zilizobaki ni za tendo la ndoa, mkojo na ukavu ukeni.

Lipo pia MENQOL, la mwaka 1996, lenye maswali 29 kuhusu mwezi uliopita. Hilo kwanza linauliza kama dalili ipo, halafu imekukera kiasi gani. Binafsi nalipendelea kwa sababu hiyo: kuwa na dalili ni jambo moja, kukereka nayo ni jingine.

Nimepata 12 kwenye MRS. Ni nyingi?

Kwa ngazi zake, 0 hadi 4 huhesabiwa kuwa hakuna tatizo la maana, 5 hadi 8 ni dogo, 9 hadi 16 ni la wastani, na 17 kwenda juu ni kali. Wewe uko kwenye wastani. Ila jumla peke yake inaficha mengi.

Chukua wanawake wawili wa mfano. Wa kwanza amejaza joto 4, usingizi 4, uchovu 2, hasira 2. Jumla 12. Wa pili amejaza ukavu 4, mkojo 4, tendo la ndoa 4, kwingine kote 0. Naye ana 12. Huyu wa pili amemaliza alama zote za kundi la tatu, hakuna pa kuongeza, na bado karatasi inamwita "wa wastani". Tiba zao pia hazifanani: wa pili huenda akasaidiwa vizuri na homoni ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo haitatuliza joto la wa kwanza. Kwa hiyo ukiambiwa jumla, uliza mara moja: zimetoka kwenye maswali yapi?

Swali la tendo la ndoa naona haya kulijibu. Nikiweka sifuri kuna ubaya?

Upo. Sifuri maana yake umesema huna tatizo, na daktari atapita. Usipotaka kujibu, acha wazi. Kama ni mjane au huna mwenzi, andika hivyo pembeni. Na kama kuna mtu anakusomea maswali huku wengine wanasikia, omba mahali pa faragha. Ni haki yako. Joto kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyokwenda, lakini ukavu ukeni usipotibiwa mara nyingi huzidi, kwa hiyo ukimya hapa una gharama.

Dalili zikipungua, si ndiyo nina afya njema?

Si lazima. Dalili ni jambo moja, ustawi wa jumla ni jingine. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wanawake 16,608 wenye miaka 50 hadi 79, waliopewa homoni mbili kwa pamoja au vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla, homoni hazikuleta tofauti ya maana katika nguvu, hali ya akili wala kuridhika na tendo la ndoa. Walionufaika ni wale wa miaka 50 hadi 54 waliokuwa wakisumbuliwa na joto: joto lilipungua na usingizi ukaboreka kidogo. Wengi wa waliobaki hawakuwa na dalili kali tangu mwanzo, na asiyeumwa hana cha kupona.

Ndiyo maana wengine huongeza dodoso la ustawi, kama WHO-5. Hilo halitaji hedhi hata kidogo. Linauliza mambo matano tu ya wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, na kama siku zako zina mambo yanayokuvutia. Alama hufikia 100, na ukipata 50 au chini inafaa uchunguzwe zaidi, hasa kwa sonona.

Nimeanza kutumia kitu nilichouziwa, alama zimeshuka. Kinafanya kazi?

Huwezi kujua kwa hilo tu. Kwenye tafiti, hata wanaopewa vidonge vitupu huripoti joto kupungua sana. Isitoshe, watu huenda kutafuta tiba wakati hali ni mbaya kuliko kawaida, na baadaye hutulia yenyewe.

Kuna ambayo dodoso haliyaoni?

Mengi. Uimara wa mifupa unapungua bila kuuma, presha inapanda kimya. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho na moyo kwenda mbio vilevile, na karatasi haitofautishi. Na MRS haliulizi kuhusu damu. Ukiona damu ukeni baada ya ile miezi 12, hata tone, hata mara moja, nenda hospitali ukapimwe, usingoje tarehe yako ya kliniki.