Mtoto mfupi hawezi kuruka juu? Sio kweli jamani

Huku Dodoma kila msimu wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ukikaribia utasikia mtu anamwambia mtoto wewe mfupi, achana na kuruka juu nenda kwenye mbio, na hii inaniuma sana maana ni makosa. Urefu unasaidia, sibishi, ila sio ndo kila kitu. Stefan Holm wa Sweden ana mita 1.81 tu na alibeba dhahabu ya Olimpiki Athens 2004, mwaka uliofuata akaruka 2.40. Franklin Jacobs wa Marekani alikuwa na 1.73, mwaka 1978 karuka 2.32, yaani sentimita 59 juu ya kichwa chake!

Kinachombeba mrukaji ni spidi, zile hatua za mwisho anazokimbia kwa kuzunguka kama upinde, halafu anavyoukita mguu wa kurukia, na hivyo vyote vinafundishika kabisa. Ila kama shuleni kwenu hakuna godoro, kuna mchanga tu, mtoto asiruke kwa mgongo kabisa, ataumia shingo, aanze na staili ya mkasi, yaani avushe mguu mmoja halafu mwingine juu ya ufito, atue kwa miguu.