"Maoni ni yangu binafsi" kwenye bio haikukingi

Wengi huku Mbeya, Mwanjelwa mpaka Uyole, wanaamini ukishaandika kwenye bio "maoni ni yangu, si ya mwajiri" basi unaposti chochote. Hapana jamani, hayo maneno yanamwambia msomaji tu kwamba husemei ofisi. Nesi akirusha picha ya mgonjwa kwa akaunti yake mwenyewe, hata kama ni usiku na yuko zake home, ile bado ni siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haiulizi bio yako imeandikwaje (ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 vilevile). Kinachosaidia kidogo ni kutenganisha kweli: peji ya ofisi iwe na imeili ya ofisi na admini zaidi ya mmoja, ukihamishiwa Makete usiondoke nayo, na ya kwako toa picha ya sare, acha kujibia wateja inboksi huko.