Kuhama Ukatoliki si kuacha nyimbo zote

Wengi wanaamini kwamba Mkatoliki akijiunga na kanisa la kiinjili, lazima azitupe tenzi zote alizokua nazo. Si kweli. Martin Luther mwenyewe, mwanzilishi wa Uprotestanti, mwaka 1524, alichukua utenzi wa Kilatini wa Ambrosio, askofu wa Milano wa karne ya 4, akautia katika Kijerumani; Walutheri wanauimba hadi leo kipindi cha Majilio, majuma ya kabla ya Krismasi. Zinazoachwa hasa ni zile za kumwomba Bikira Maria na watakatifu, kwani wainjili huelekeza sala kwa Mungu pekee. Hapo kuna tofauti ya kweli ya imani, na kuziacha kunauma, tusilifiche hilo. Lakini sifa kwa Utatu Mtakatifu alizoandika padri Mkatoliki Ignaz Franz katika karne ya 18 zimo katika vitabu vingi vya Kiprotestanti.