Wino Usio Orijino na Rangi za Picha: Vitelezi Havitibu Wekundu

Karibu kila mwenye studio anayeniletea printa ya Epson L805 au L1800 aliyoijaza wino wa kampuni nyingine huja na ombi lilelile: nimwonyeshe vitelezi vya rangi, vile vya kuvuta kuongeza au kupunguza rangi kwenye dirisha la kuchapisha, viwekwe wapi ili picha ziache kutoka na wekundu. Wengine huja na namba walizopewa na rafiki, majenta (wino wa waridi iliyokolea) toa nane, sayani (wino wa buluu-kijani) ongeza tano, wakiamini kwamba siri yote imo humo. Hakuna dhana inayoteketeza karatasi na wino kuliko hiyo.

Ukweli ni kwamba draiva ya printa, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha, hutengenezwa kwa kufuata wino wa kampuni iliyounda printa hiyo. Ndani yake mna majedwali yanayoamua kila rangi ya faili ipate kiasi gani cha kila wino, na majedwali hayo huchukulia kwamba ukolezi wa wino ni uleule wa orijino. Wino wa kampuni nyingine, hata ukiwa mzuri, haulingani nao, na tofauti yenyewe haiko sawa kila mahali: kwenye sehemu angavu, ambako printa hizi hutumia sayani hafifu na majenta hafifu, picha inaweza kuegemea waridi, ilhali kwenye vivuli ikaegemea kijani. Kitelezi hakitofautishi hayo. Ukipunguza majenta, unaipunguza kwenye mwanga na kwenye giza kwa pamoja, hivyo shela la bibi harusi litatakata huku suti nyeusi ya bwana harusi ikiingia ukijani, na ngozi nyeusi, ambayo uzuri wake wote uko kwenye wekundu wa ndani, itafanana na majivu. Mteja hutazama uso kwanza, na hapo ndipo kazi inaporudishwa.

Tiba ni profaili ya ICC, yaani faili linaloeleza jinsi printa na wino wako vinavyotoa rangi, kwa mfumo wa International Color Consortium, muungano ulioundwa mwaka 1993. Unachapisha mamia ya viraka vya rangi huku marekebisho yote ya rangi yakiwa yamezimwa kwenye draiva, unaviacha vikauke usiku kucha, kisha kila kiraka kinapimwa kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi, ili programu ijue wino wako unakosea wapi na kwa kiasi gani. Profaili inayopatikana ni ya printa ile, wino ule, karatasi ile na kiwango kile cha ubora. Ukibadilisha kimoja, anza upya. Wakati wa kuchapisha, programu ya picha ndiyo ipewe profaili, na draiva iwekwe kwenye "No Color Adjustment", kwa sababu zote mbili zikirekebisha, picha hurekebishwa mara mbili, na mara nyingi huo ndio wekundu mnaoulalamikia. Asiye na kifaa hicho cha kupimia amdai muuza wino profaili ya wino wake. Akikosa, mimi ningehama muuzaji. Na kabla ya yote hayo, nawasihi mchapishe kipimo cha matundu ya hedi, kile kichwa cha printa kinachotoa wino, kwa kuwa tundu la majenta hafifu likiziba hakuna profaili itakayosaidia.

Dhana nyingine potofu nitazijibu kwa ufupi. Wanaosema faili ligeuzwe kwanza kuwa CMYK, mfumo wa rangi za wino, wanaupunguza wigo wa rangi bure, maana draiva za printa hizi hupokea RGB, mfumo wa rangi za skrini. Wanaosema aina ya karatasi kwenye draiva ni jina tu wamekosea vibaya: hiyo ndiyo inayoamua wingi wa wino, na ukiiambia printa kwamba karatasi ya glosi, ile inayong'aa, ni karatasi ya kawaida, picha itapauka. Wanaotaka chapisho ling'ae kama skrini wapunguze mwanga wa skrini hadi karibu kandela 100 kwa mita ya mraba kabla ya kuilaumu printa. Tena wino wa pigimenti, wenye chembe za rangi, usimiminwe kwenye printa ya wino wa dai (dye), ambao rangi yake imeyeyuka, kwa sababu tu rangi zinafanana. Utaishia kuziba hedi.

Kabla ya kuanza albamu, chapisha ngazi ya kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, uitazame mchana dirishani, kisha usiku chini ya taa ya dukani. Kijivu kinachobaki kijivu mchana na kugeuka waridi usiku kinatokana na asili ya wino wenyewe, na profaili haiwezi kukiondoa chini ya taa zote mbili. Hapo badilisha wino.