Je, Wajua Kwa Nini Ndege wa Ziwa Natron Huonekana Kama Mawe Pichani?

Mwaka 2013 mpiga picha Mwingereza Nick Brandt alitoa kitabu kiitwacho Across the Ravaged Land, na ndani yake yumo heroe, yumo njiwa, yumo popo, kila mmoja amekauka kana kwamba amechongwa katika jiwe. Wengi walioziona picha hizo waliamini kwamba maji ya Ziwa Natron humgeuza kiumbe kuwa jiwe papo hapo. Sivyo.

Ziwa hilo liko kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, karibu na mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, na halina mto unaotoka. Chemchemi za moto na miamba ya volkano hulijaza magadi, jua hukausha maji, magadi hubaki, hata alkali yake ikafikia pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10.5 hivi. Mnyama akifia humo, magadi hunyonya unyevu wa mwili, bakteria wa kuozesha hushindwa kazi, na ngozi na manyoya hubaki vilevile. Magadi hayo ni jamii ileile ya bonge jeupe-kijivu ambalo mama wa Moshi hulimega kipande kidogo akakitia chunguni ili maharage ya makande yalainike upesi. Wamisri wa kale nao walikaushia maiti kwa chumvi ya namna hiyo.

Brandt aliwaokota viumbe hao ufukweni wakiwa wameshakufa, akawaweka kama walivyokaa wakiwa hai. Hakuficha jambo hilo, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kazi yake. Alifika Tanzania mwaka 1995 kuongoza video ya wimbo Earth Song wa Michael Jackson, akawapenda wanyama wetu, na baadaye akawapiga picha za rangi nyeusi na nyeupe, bila lenzi ya kuvuta mbali, akiwasogelea kama anayempiga mtu picha ya uso. Majina ya vitabu vyake vitatu, On This Earth (2005), A Shadow Falls (2009) na hicho cha 2013, yakisomwa mfululizo huwa sentensi moja: juu ya dunia hii, kivuli kinaiangukia nchi iliyoharibiwa.

Hata hivyo ziwa si kaburi. Takriban robo tatu ya heroe wote duniani wa jamii iitwayo heroe mdogo huanguliwa hapo, kwenye viota vya tope vilivyozungukwa na magadi hayohayo, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kuvuka.