Kachumbari ya dagaa inayolia kwa meno

Mwaka jana nilipikia sendofu hapa Kigoma. Nikachanganya kachumbari ya dagaa saa nane mchana, wageni wakaketi saa kumi. Nilipofunua bakuli, chini kulikuwa na maji, na dagaa wamelainika kama waliochemshwa. Iliniuma, kwa sababu dagaa wenyewe walikuwa wa daraja la kwanza. Tangu siku hiyo kila kitu nakiandaa mbali mbali.

Kwanza dagaa. Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, nanunua walioanikwa juu ya chanja. Wa chini wana mchanga, na ukishauma chembe moja tu hamu yote imekwisha. Chukua mmoja umkunje: avunjike, asipinde. Awe na rangi ya fedha. Akishageuka manjano, mafuta yake yamechacha, na uchungu ule haufunikwi na ndimu. Nunua wakati wa giza kama unaweza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, basi wanaadimika na bei inapanda.

Kwa watu wanne vikombe viwili vinatosha. Waoshe haraka kwa maji ya vuguvugu, usiwaloweke, wanafyonza maji. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi mpaka wakauke kabisa. Pasha mafuta kwenye karai, tupia dagaa mmoja. Akichemka papo hapo na kuelea, mafuta yako tayari. Kaanga kiganja kimoja kimoja, kama dakika mbili. Ukiwajaza, mafuta yanapoa na dagaa wanayanywa. Waopoe wakianza tu kuwa kahawia, kwa sababu nje ya mafuta wanaendelea kuiva. Halafu watandaze kwenye sinia. Ukiwarundika wangali moto, mvuke wao wenyewe unawalainisha.

Mboga: robo ya kabichi iliyokatwa nyembamba sana, karoti moja, tango lililotolewa mbegu, kitunguu, na embe bichi msimu ukiwepo. Nyanya siweki, ina maji mengi. Chumvi usinyunyize kwenye mboga mapema, inayavuta maji yake nje. Hapo ndipo nilipokosea kwenye sendofu.

Chumvi inakaa kwenye mchuzi wa ndimu: ndimu tatu, pilipili mbuzi moja iliyopondwa na punje ya kitunguu saumu, tangawizi kidogo, kijiko cha chai cha sukari, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Mawese tunayapenda sana huku, lakini humu hayafai; yakipoa yanaganda na kuacha utando mdomoni. Onja kwa kuchovya kipande cha kabichi. Ukali wa ndimu utangulie, pilipili ifuate nyuma.

Watu wakishanawa mikono, mimina mchuzi kwenye mboga, geuza, kisha mwaga dagaa juu na ugeuze mara mbili tu. Ugali uwe mezani tayari. Dagaa waliobaki bila kuchanganywa watie kwenye kopo lenye mfuniko wakishapoa kabisa. Kesho bado watalia.